Ngoro Ndani ya Boti

Mkwe wangu ni mtu wa milimani, wa Ukata, na mtu wa milimani ukimleta ziwani anafika na viatu. Huyu alifika na mabuti ya mpira. Aliyavaa mchangani, akaingia nayo majini, na yalipojaa akakaa juu ya jiwe kuyamwaga mbele ya wanawake wanaoanika usipa, dagaa wa ziwa letu. Walicheka sana. Mimi sikucheka. Nilikuwa namtazama kwa pembeni, maana mkwe hatazamwi usoni, nikawaza: huyu ndiye anayesema atajenga boti, na ndani ya boti hiyo atamweka binti yangu.

Kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawakai pamoja. Hawali pamoja, hawapishani kwenye njia nyembamba, hawaongei moja kwa moja. Lazima awepo mtu katikati wa kupokea neno na kulipeleka, hata kama anayeambiwa amesimama pale pale na masikio yake mawili. Adabu hiyo hulegezwa mwanaume akileta kuku na mama mkwe akampokea. Mkwe wangu ameleta kuku tangu walipooana. Nimewarudisha wote. Alimchukua binti yangu akampeleka juu kulima kahawa kwenye baridi, akamrudisha na kikohozi ambacho mpaka leo hakijaisha, na sasa eti wanahamia ziwani kwa sababu yeye amechoka kutengeneza madirisha ya watu Mbinga mjini. Kuku mmoja hawezi kuyamaliza hayo.

Kazi yake ndiyo hiyo, madirisha na milango ya aluminiamu. Ana mashine ya kuchomelea, ana mtungi wa gesi, ana jenereta inayopiga kelele kuliko mashine ya kusaga. Binti yangu yeye alianza biashara ya usipa. Ananunua kwa wavuvi, anaanika, anapeleka kwenye soko la ng'ambo ya ghuba ambako malori yanafika. Masika barabara yetu inakatika na njia inayobaki ni ya maji. Mtumbwi wa marehemu mume wangu ulikwisha pasuka, na mti wa kuchonga mwingine hakuna. Miti iliyobaki ina maafisa wa misitu wa kuilinda. Ndipo mkwe akasema atajenga boti ya aluminiamu, haiozi, haipasuki, watu wawili wanaibeba.

Neno langu lilikuwa moja tangu siku ya kwanza. Binti yangu hapandi chombo hicho mpaka nijue maji yakiingia yatatokaje.

Maana yataingia. Mwera, ule upepo wa kusini, ukivuma, mawimbi ya ziwa hili yanakuja mafupi na yamefuatana, hujamaliza moja lingine limekufika kifuani. Mimi ziwa nimelijua kwa makalio. Mume wangu alikaa nyuma na kafi lake, mimi nilikaa mbele ya miguu yake, ndani ya maji yenyewe, na kata mkononi, nikayatoa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya mke kwenye mtumbwi. Nikiacha kidogo kupumzisha bega, aliniambia, "Unasubiri nani aje?" Basi mtu asinifundishe habari ya maji ndani ya chombo.

Mabamba aliyapata kwenye lori la mafuta lililopinduka zamani kwenye kona za kushukia huku ziwani. Tanki lake lilikuwa la aluminiamu nene, limelala bondeni, watu wamekwisha ng'oa kila kitu kingine. Alielewana na mwenye lori, akaliosha, akalikata, akavishusha vipande juu ya gari la mahindi. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ni mvuvi ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika. Aliinama akanusa bamba moja.

"Mkwe, hii boti tukiwasha kiberiti tutafika Malawi bila injini."

"Nimeliosha kwa sabuni, baba mdogo," mkwe akamjibu.

"Samaki watakuja wenyewe wamekaangwa."

Mkwe akacheka naye. Kucheka anajua.

Boti aliichora kwanza kwa chaki, uwanjani kwangu, juu ya sakafu ya saruji tunayoanikia mahindi. Hakuniuliza. Alimtuma binti yangu, na binti yangu akakubali kwa niaba yangu kabla hajafika jikoni. Alipima mtumbwi wa mume wangu uliopasuka, kwa tepu, urefu wake, upana wake katikati, upana wake kichwani, akawa anarudi na kuchora, anafuta, anachora. Mimi nilikuwa jikoni, nimempa mgongo, mlango uko wazi.

"Muulize mumeo," nikamwambia binti yangu, "hilo analochora ni boti au dirisha la shule."

Binti yangu akageukia uwanjani. "Mama anauliza kazi inakwendaje."

"Sikusema hivyo."

"Nimesikia alivyosema," mkwe akamwambia mkewe. "Mwambie mama ni boti. Dirisha la shule lina nondo."

"Mwambie nondo ndiyo angalau ingemzuia asitoke kwenda majini."

Binti yangu akaacha kupeleka. Akakaa kwenye kizingiti, akashika tama. "Nyie mkinitafuta niko kwa jirani," akasema, akaondoka kweli, na pale pakawa kimya, maana hapakuwa na mtu wa katikati. Nilisikia chaki tu.

Kisha akaanza fremu. Nasema nilichokiona, maana kila alipoondoka kwenda kula nilitoka kukagua. Ndiyo desturi yetu, mmoja akitoka mwingine anaingia. Akalaza kwanza uti wa mgongo, pau moja ndefu, juu ya magogo aliyoyasawazisha kwa pima maji. Juu yake akasimamisha mbavu, kila ubavu ameukata na kuupinda kufuata ile chaki, mpana katikati, mwembamba kuelekea kichwani. Alizishika kwanza kwa vidoti vidogo vya moto, akapima kwa kamba kutoka mbele mpaka nyuma, akaona mmoja umekaa upande, akaukata akaurudia. Aliurudia mpaka nikachoka mimi niliyekuwa nachungulia. Mabamba aliyavisha mwisho. Hakuyanyoosha. Tanki lilikuwa limekwisha jikunja kama tumbo la mtumbwi, naye akaliacha tumbo lake. Hilo simnyimi.

Lakini nilipoingiza kichwa ndani, siku mabamba yamekamilika, nilisimama pale mpaka nikasahau kwamba anaweza kurudi.

Alikuwa amepitisha pau nyingine za kwenda urefu, kukatisha zile mbavu, sakafu yote ya boti. Pau zenyewe zina kimo cha kiganja changu. Na kila zilipokutana na mbavu alichomelea kona zote, na chini alichomelea kwenye bamba, bila kuacha mahali hata pa kupitisha unyasi. Sakafu nzima ilikuwa vishimo vya pembe nne, kimoja baada ya kingine, mbele mpaka nyuma.

Niliwahi kuviona. Nilipanda Ukata binti yangu alipojifungua, nikakaa mpaka mtoto alipopata nguvu, na mlima wote mbele ya nyumba yao ulikuwa hivyo. Wamatengo, watu wa mkwe wangu, wanalaza nyasi kwa mistari ya kukatishana, wanazifunika udongo, wanapanda juu ya matuta, na katikati linabaki shimo. Ngoro. Mvua ikinyesha kila shimo linashika maji yake, hakuna yanayokimbia mteremko na kubeba shamba. Wanajisifu nazo, na wana haki, lakini juu ya mlima.

Nikamwita binti yangu. "Njoo uone. Mumeo amelima ndani ya boti."

Akatazama. "Ni mbavu, mama. Ni za kutia nguvu."

"Maji yakiingia hapa mbele, mtoaji amekaa nyuma, yatamfikiaje?"

Jioni alimuuliza mumewe, nami nikiwa upande wa pili wa ukuta, na jibu lilikuja wazi wazi. "Mwambie mama kona niliyochomelea siitoboi. Aluminiamu ukiitoboa karibu na mchomo inapasuka. Na mwambie nimefanya makusudi."

Makusudi. Neno hilo nililala nalo.

Jumapili yeye alikwenda misa kwa Wakatoliki wenzake, na mimi kanisani kwetu sikwenda, Mungu anajua kwa nini. Nilichukua ndoo. Nikateka maji ziwani, nikapanda nayo, nikamwaga ndani ya boti, nikarudi. Wanawake waliokuwa wanarudi kutoka ibadani waliniona. Mmoja akaniambia, "Shikamoo mama, unaosha?" Nikamwambia marahaba, chukua ndoo. Kufikia wakati mkwe anarudi na shati lake la kanisani, kila kishimo cha ile boti kilikuwa na maji, na juu ya ubavu wa mwisho, pale anapokaa mtoaji, nilikuwa nimeweka kopo la rangi lililokatwa. Nikaenda kukaa mbali kidogo, nimegeuka, nimejifunika khanga kichwani.

"Mwambie atoe," nikasema.

Binti yangu hakuwa na haja ya kusema. Mkwe alivua shati, akalikunja, akapanda.

Sikumtazama, lakini aluminiamu inasema kila kitu. Kopo lilikwangua kishimo cha kwanza, kwaa, kwaa, kisha halikushika kitu tena, maana maji yaliyobaki chini yalikuwa mafupi kuliko mdomo wa kopo. Akahamia kishimo cha pili. Akahamia cha tatu. Vilivyokuwa chini ya viti vya kukalia kopo halikuingia, ikabidi alale kifudifudi na kuyanyonya kwa kitambaa, anakikamua nje, anakirudisha. Jua lilikuwa limekomaa. Shemeji yangu alifika na wenzake, na ulipo mdomo wake pana watu.

"Mkwe, mahindi yako yameota?"

Kopo likakwangua.

"Ukimaliza palizi uniite, nina shamba na mimi."

"Baba mdogo," mkwe akasema, anahema, "ungekuwa unapuliza boti kwa mdomo huo tusingehitaji injini."

Watu wakacheka, na safari hii walimcheka shemeji. Mimi nikasema kwa sauti, nikiitazama miti ya mihogo, "Huko nje mwera ungekuwa umekwisha mchukua na mtu aliyekaa mbele angekuwa amefika chini. Mtu huyo ni binti yangu."

Hapo kopo likanyamaza. Nikasikia amekaa. Akaanza kusema na mkewe, lakini kwa sauti ya kunifikia mimi, taratibu, kama mtu aliyekuwa ameweka maneno hayo muda mrefu.

"Mwambie mama siku ile tulipohamia tulivuka na mtumbwi wa baba mdogo. Maji yaliingia kidogo tu, hayakufika hata kwenye vifundo. Baba mdogo akageuza, yale maji yote yakakimbilia upande mmoja, na sisi tukainama nayo. Ulinishika mkono, unakumbuka? Mimi kuogelea sijui. Nikajua hapo kwamba maji yanayokimbia ndiyo yanayoua. Kwetu maji yakikimbia yanabeba shamba la mtu pamoja na udongo wake. Yakikaa, kila moja shimoni mwake, hayana nguvu. Nikasema mke wangu hatakaa tena kwenye chombo ambacho maji yanakimbia."

Hakuna aliyecheka. Na shemeji yangu, ambaye nilimtegemea, akasema, "Hilo ni kweli kabisa. Maji ya ubavuni ndiyo yanapindua."

"Wewe nani amekuuliza?" nikamwambia.

"Shemeji, nasema kweli tu."

Nilikasirika, na bado nina hasira nikikumbuka. Nilikuwa nimekaa maisha yangu ndani ya maji hayo na nilijua yanavyokimbia upande. Nilijua ninavyoyafuata kwa mwili, nikiegemea huku yanapokwenda kule. Nilidhani kila mtu anajua kuegemea. Binti yangu aliondoka ziwani mdogo. Hajui kuegemea, anajua kuchuma kahawa.

Watu wakaanza kuondoka. Mwishowe nikasema, "Mwambie maji yana njia mbili. Kuna ya kwenda upande na kuna ya kwenda nyuma. Ya upande aizibe, nimekubali. Ya kwenda nyuma aifungue. Mtoaji yuko nyuma."

Binti yangu akapeleka kama lilivyo, bila kuongeza sukari.

"Nitoboe mbavu, niache pau za urefu," mkwe akasema, kwa sauti ya chini, kama anajiambia mwenyewe. Kisha, "Mwambie nitatoboa mbali na kona. Na litakuwa tundu la duara. Tundu la pembe linaanzisha ufa."

"Mwambie la duara sijalikataa. Liwe la kupita kidole gumba changu. Changu, si chake."

Alitoboa. Siku ya kukagua aliondoka uwanjani, akaenda kusimama mpaka kwenye mgomba wa jirani, nami nikaingia kwenye boti na kupiga magoti, na magoti yangu hayapendi kazi hiyo. Niliingiza kidole kila tundu, kutoka nyuma kwenda mbele. Yalikuwa laini, ameyasugua kwa tupa, hayakunikwaruza. Mpaka nilipofika ubavu wa kwanza kabisa, chini ya kiti cha mbele. Kidole kiligonga ukuta.

"Hili umemwachia nani?" nikasema. Nilisema nikiwa nimeangalia chini, lakini hapakuwa na mtu mwingine wa kuambiwa, na kule kwenye mgomba alinisikia. Akaja binti yangu mbio. Mkwe alisema drili haikuingia pale, kichwa cha boti ni chembamba mno. Nikasema pale ndipo anapokaa mkewe. Tundu lilitobolewa siku ile ile, kwa kuchokonoa, na mkono wake ulitoka na damu. Nikalipima tena. Lilipita.

Sasa kupanda. Wakadhani nimemaliza.

"Nitapanda mimi kwanza," nikasema.

"Baba mdogo atakuendesha," binti yangu akasema.

"Ataendesha aliyeijenga. Kama haiamini aseme sasa."

Wanawake wa usipa wakasimama na mikono yao yenye magamba. Mama mkwe na mkwe ndani ya chombo kimoja, hilo halijaonekana kwetu, na kuku hajapokelewa. Mmoja mtu mzima akaniambia nitajiletea aibu. Nikamwambia aibu haizamishi mtu. Binti yangu akanishika khanga. "Mama, ukikaa naye mtaongea. Hakuna wa katikati."

"Nitampa mgongo."

Mkwe aliingia nyuma, kwenye injini. Alikuwa amejifunga dumu tupu la mafuta ya kupikia kiunoni kwa kamba, na shemeji yangu alimwambia tayari amefanana na mke wa mtu anayekwenda kuteka maji. Mimi nilikaa mbele, juu ya kile kiti, miguu juu ya ule ubavu wa kwanza. Nikajifunika khanga. Tukatoka.

Mwera ulikuwa umeanza. Haukuwa mkubwa, ningesema ule wa kuwatoa watoto majini. Lakini nje ya mwamba wa ghuba wimbi la kwanza lilitupiga ubavuni na nusu yake ikaingia, baridi, mpaka kwenye mapaja. Nikaona anavyoshika njia. Alikuwa ameielekeza boti sokoni, moja kwa moja, kama mtu anayetembea barabarani, na mawimbi yanakuja kutoka kushoto. La pili likaingia.

Hapakuwa na wa katikati. Nikalisemesha ziwa.

"Mtu mwenye akili angepeleka kichwa kwenye wimbi, akashuka sokoni kwa kuzunguka."

Nyuma yangu sauti ikajibu, "Mtu amesikia."

Kichwa kikageuka. Wimbi la tatu tulipanda juu yake, tukashuka.

"Mtu angepunguza mwendo akishuka."

"Mtu amepunguza."

Nilitazama chini. Maji yalikuwa miguuni kwangu, yametulia kati ya zile pau, hayakukimbia kulia wala kushoto hata boti ilipolala. Kisha yakaanza kushuka. Yalipita lile tundu la kwanza kwa sauti ndogo, kama mtu anayekunywa uji wa moto, yakapita la pili, yakaenda. Na nyuma kopo likaanza. Kwaa. Likashika maji. Kwaa. Alikuwa anashika injini kwa mkono mmoja na kutoa kwa mwingine, ile mikono ya madirisha, na hakusimama hata kidogo kupumzisha bega. Sikugeuka.

Tulifika ng'ambo, tukazunguka, tukarudi. Sikumpongeza, na yeye hakungoja. Nilishuka nimelowa mpaka khanga ya kichwani, nikapita katikati ya wale wanawake, nikaenda kubadili nguo. Kesho yake nilikuta kuku amefungwa mlangoni pa jiko langu. Nilimrudisha. Ana kikohozi binti yangu, na hicho boti haikiponyi.

Siku ya soko binti yangu alibeba ndoo zake za usipa akaja kuniaga. Nilimshusha mpaka majini. Mumewe alikuwa amekwisha kaa nyuma, anatazama upande mwingine kama inavyotakiwa.

"Kaa mbele," nikamwambia. "Miguu juu ya ubavu wa kwanza. Maji yakiingia, sikiliza. Utayasikia yanapita chini yako yanakwenda kwake."

"Nisipoyasikia?"

"Chukua usipa wako mmoja, uchokonoe tundu. Lisipofunguka, mwambie arudi. Mwambie mimi nimesema. Mwambie mdomo kwa mdomo, wewe si mkwe wake."

Wakaondoka. Nilisimama pale mpaka walipopita mwamba, na nilipoona kichwa cha boti kimegeuka kwenda kwenye wimbi, nikarudi kugeuza usipa ulioachwa juani.